Miguu ya Louis Imebaki Kasulo

Kolwezi, stesheni, 20 Juni 1993

Mama Godelieve,

Ni mimi Mwadi, binti wa Papa Kabamba. Siku za kupima watoto, ulipokuwa nesi wetu Kasulo kabla ya kuhamia Likasi, nilikuwa nasimama nyuma ya balansi nisionekane, nikiwageuzia mama zetu wa Kitshiluba maneno yako. Ulikuwa unasema nina sauti ya panya ndani ya gunia la unga. Barua hii naileta kwa mkono wa Hamadi, yule jirani yetu wa Kasulo mwenye kamyo ya mizigo, kwa sababu posta hapa imefungwa na Hamadi anafika Likasi kila wiki.

Tangu mwezi wa tatu tuko stesheni. Watu wa Katanga walipotufukuza Kasulo, sisi wa asili ya Kasai, tulikimbilia huku, na tunangoja treni ya Kasai pamoja na watu ambao siwezi kuwahesabu. Tumejenga kibanda cha mabati na maturubai karibu na reli. Hatujambo. Papa, Mama, Kaku mama yake Papa, mimi na mdogo wangu Louis.

Ninaandika kwa sababu ya Louis. Wewe ndiye ulimpokea alipozaliwa, mwezi wa tano mwaka jana. Amepita mwaka sasa na hasimami. Hatambai hata kidogo, na Kasulo alikuwa ameanza kujivuta kwa tumbo. Mtoto wa Hamadi alizaliwa wiki ile ile, naye, baba yake anasema, anakimbiza kuku.

Kaku ameshajua ugonjwa. Alisema mbele ya watu wote: "Banatufukuza siye, lakini miguu ya mutoto inabakia kule. Kitovu yake iko chini ya mupapai mu lupango yetu. Atatembea namna gani, na miguu iko Kasulo?" Anataka udongo wa pale uani, auchanganye na maji, amwoshe miguu. Tulimwambia kwamba Hamadi atauchota, anaishi ukuta kwa ukuta na nyumba yetu. Kaku akakataa. Lazima uchotwe na mkono uliozika kitovu, na mkono huo ni wa Papa.

Papa alijibu tu, "Mama, nimesikia. Nitaenda."

Mama Godelieve, watu waliorudi kuangalia nyumba zao tumewaona. Mmoja alirudi bila meno. Mwingine hajarudi. Papa anajua. Lakini ni mtoto wake wa kiume mmoja, na ni mama yake anayesema.

Nakuungamia kitu. Shuleni nilikuwa napata alama nzuri za biolojia, kwa Kifaransa, na mchoro wa mifupa naujua wote. Lakini Kaku akisema maneno yale, mimi nusu naamini. Miguu yangu mwenyewe inaniwasha kurudi Kasulo. Sijamwambia mtu.

Tafadhali niambie Louis ana nini kabla Papa hajaondoka. Naandika Kiswahili kwa sababu Kitshiluba hukijui, na Kifaransa changu kinajua kujibu maswali ya mwalimu tu.

Mwadi



Likasi, 2 Julai 1993

Mwadi mwanangu,

Panya amepiga kelele mpaka Likasi! Nimefurahi kuliko unavyofikiri. Mwambie Papa Kabamba kwamba mimi Godelieve, niliyemkata Louis kitovu hicho hicho, nina haki ya kusema kabla hakijaguswa. Angoje nimpime mtoto kwanza.

Nitampima kwa macho yako. Usiogope, kazi hii umeiona mara nyingi.

Simama mahali ambapo hakuoni, uchakarishe karatasi. Anageuka? Mpe punje ya haragi. Anaikamata kwa vidole viwili au kwa kiganja kizima? (Angalia asiimeze.) Ficha kitu anachokipenda chini ya kitambaa, uone kama anakitafuta au anakisahau. Kiisha mshike kwa kwapa, mnyanyue, nyayo ziguse meza. Anasukuma, au magoti yanakunjika kama nguo iliyolowa? Nyoosha miguu yote miwili na uitazame: urefu ni sawa? Mikunjo ya mapaja inalingana? Niambie pia anakula nini, na anacheka na nani.

Sisi huku tunaendelea. Balansi yetu iliondoka na mtu asiyejulikana, kwa hiyo napimia watoto kwenye mizani ya muuza unga, mbele ya duka lake. Ni mtu mzuri. Juzi nilipomtundika mtoto mmoja aliniuliza, "Mama munganga, hii kilo ni pamoja na gunia, ao bila gunia?" Mama wa mtoto alicheka mpaka akasahau kwamba alikuja akilia.

Jirani zangu wengine hawapendi niwaandikie watu wa stesheni. Usiandike jina langu juu ya bahasha. Hamadi ananijua.

Mama Godelieve



Kolwezi, 13 Julai 1993

Mama Godelieve,

Nimefanya yote. Nilifanya asubuhi, Mama akipika, na watu wakatuzunguka kama sinema. Nilitaka kufa kwa haya, lakini nilifanya.

Karatasi: nilichakarisha nyuma ya Mama, Louis akageuza shingo mara moja. Akageuka na upande wa pili nilipohama. Masikio ni mazima.

Haragi: aliichukua kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua mchele. Kiisha akaiingiza ndani ya sikio la Mama. Mama akaruka: "Weye Mwadi! Ile munganga yako iko anatafuta nini mu masikio yangu?" Ilibidi Kaku aitoe kwa pini ya nywele.

Kitu cha kuficha: nilificha kijiko chini ya kitambaa cha kichwa cha Mama. Alikivuta kitambaa chote mbele ya wanaume. Unaona ninavyopata matatizo kwa ajili yako.

Miguu inalingana, na mikunjo pia. Meza hatuna. Nilisukuma nyayo zake kwa mikono yangu hapo zinaponing'inia ubavuni mwa Mama, naye akanipiga teke zuri.

Anakula uji, na bukari ya mahindi kidogo akitafuniwa na Kaku. Anacheka na kila mtu. Watu humwazima: jirani anasema, "Mama Louis, nipatie nimubebe kidogo, na weye upumuzike mugongo," na Louis anahama kutoka mgongo mpaka mgongo, na siku inapita. Hajawahi kukosa mgongo. Kwa upande huo tuna bahati.

Papa alikuwa aende Jumapili, wakati watu wako misa. Nilimwambia munganga amesema angoje. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwambia Papa afanye kitu. Aliniangalia kama vile kiti kimeongea. Amekubali kungoja barua yako. Lakini amesema siku treni ikitangazwa, barua iwe imefika au haijafika, ataenda, maana tukishaondoka hakuna kurudi tena.

Niambie ana nini.

Mwadi



Likasi, 17 Julai 1993

Mwadi,

Hamadi anangoja na injini inanguruma, naandika nimesimama.

Nimesoma barua yako mara ya kwanza, nikasema mtoto huyu ni mzima, sioni kitu. Nikasoma tena, nikitafuta mahali ambapo Louis ameketi. Sikupaona. Karatasi iko mgongoni. Haragi iko mgongoni. Mpaka miguu ulimpimia mgongoni! Mwanangu, mtoto huyu amegusa chini lini?

Kosa ni langu pia. Miaka yote hii nimewauliza akina mama watoto wao wanakula nini, wanalala namna gani, wanaharisha au hawaharishi. Sikuwahi kuuliza mtoto anakaa wapi mchana. Kila mtoto niliyempima alikuwa na sakafu au na udongo wa lupango, nami nikafikiri sakafu ni kama hewa, kila mtu anayo.

Mguu unajifunza kubeba ukipewa mzigo, na mzigo wa Louis mnaubeba nyinyi. Mweke chini. Tafuta kitu cha kutandika, umlaze kwa tumbo, mkae naye. Atalia. Atakunjika. Mweke tena kesho. Uji wake utieni karanga iliyopondwa, na vile visamaki vya ndakala mkipata.

Sijui kama nimemwona vizuri kutoka hapa. Lakini moyo wangu haugongi kama unavyogonga nikiona mtoto mgonjwa. Msomee Papa mstari huo.

G.



Kolwezi, 5 Agosti 1993

Mama Godelieve,

Nilipofika kwenye swali lako niliacha kusoma. Lini? Sikujua. Kaku pia hakujua. Usiku analala juu ya kifua cha Mama, na kikwembe cha kumbebea kimefungwa. Hapa ni hivyo kwa watoto wote. Treni inaweza kuja saa yoyote, na ikija watu watapanda kwa kukanyagana, nani atafungua kikwembe? Na chini ni kokoto za reli, na mafuta, na uchafu wa watu wengi. Na baridi ya mwezi wa saba. Sikukuambia kwa sababu sikuona kwamba ni kitu cha kuambiwa.

Papa ndiye aliyepata cha kutandika. Unajua alikuwa akifanya kazi kwenye ile mikanda ya mpira inayobeba mawe ya shaba. Alimwomba Hamadi, na Hamadi akaleta kipande cha mkanda uliochakaa, kizito, wanaume wanne walikishusha. Papa alikisugua kwa maji na mchanga mpaka kikang'aa. Ni kipana kama kitanda.

Lakini Mama alikataa. Alisimama pembeni ya ule mpira, ameshika fundo la kikwembe kwa mikono miwili.

"Mama, munganga anasema."

"Munganga hakukuwa pale."

"Pale wapi?"

Mama Godelieve, sijawahi kumsikia Mama akisema kwa sauti ndogo namna ile. "Siku ile nilimuweka chini," alisema. "Mu lupango, pembeni ya maji. Kelele ikaanza. Nilikimbia, nikafika ku barabara, na mashini ya kushona ku kichwa. Nilizani mutoto iko na weye. Weye ulizani iko na mi. Ni Mama Hawa, muke ya Hamadi, njo alinipatia mutoto juu ya ukuta. Mi nilibeba mashini, Mwadi. Mashini!"

Kumbe tangu saa ile hajamweka chini. Mimi nilikuwa nimeona Mama Hawa akimpitisha Louis juu ya ukuta, nikadhani wamepanga hivyo.

Nilivua viatu nikapanda juu ya mpira, nikakaa, watu wote wakiniangalia, nikasema kwa nguvu: "Mama, kaa na weye. Ukikaa na weye, hatabakia peke yake."

Alilikaza fundo, akalilegeza. Kiisha akakaa. Alimfungua Louis, akamweka kati ya miguu yake, akamfunga ncha ya kikwembe kiunoni, na ncha nyingine akaifunga kwenye mkono wake.

Mama mmoja wa kibanda cha pili akapiga kelele: "Mama Louis! Ile mbuzi unauzisha bei gani?"

"Hapana ya kuuzisha!" Mama akajibu. "Ingojee kwanza isimame!" Watu wakacheka, na yeye akacheka, na machozi yalikuwa yanatoka pamoja.

Louis aliweka uso chini akalia kama tumemchoma. Kila siku analia kidogo kuliko jana. Sasa anajivuta. Lakini hasimami, na Kaku anazunguka mpira akisema, "Munaona? Tumbo iko hapa. Miguu hapana." Papa amesikia mstari wako. Alisema ni mstari mzuri. Lakini hajasema hataenda.

Mwadi



Likasi, 22 Agosti 1993

Mwadi mwanangu,

Mwambie mama yako kwamba mwezi wa kumi mwaka jana, hapa Likasi, niliona wanaume wenye akili zao wamekimbia na mlango wa nyumba begani. Mlango! Mikono hubeba kilicho karibu. Mtoto wake yuko hai, na yeye ndiye amemfikisha hapo alipo. Msomee hayo mkiwa wawili tu.

Sasa usimsimamishe Louis. Usimshike mikono na kumburuta kama mlevi anayerudishwa nyumbani. Weka kitu anachokitaka juu ya ndoo iliyopinduliwa, halafu uangalie mahali pengine. Atapanda kwa ajili yake mwenyewe. Akianguka, usiseme "pole" kabla hajalia. Mara nyingi mtoto anatazama uso wako kwanza ili ajue kama ameumia.

Kuhusu Kaku, usishindane naye. Bibi anayetembea stesheni akidai miguu ya mjukuu wake ni mtu wa kuwa naye upande mmoja. Mpe kazi: aponde karanga.

Siku ile ya mpira umenishangaza. Nimesoma sehemu hiyo mbele ya muuza unga. Amesema siku ukipita Likasi atakupima bure.

Mama Godelieve



Kolwezi, 29 Septemba 1993

Mama Godelieve,

Jana asubuhi mkuu wa stesheni alipanda juu ya pipa akatangaza: treni Ijumaa. Watu walipiga vigelegele, wengine wakalia. Mimi niliangalia Papa tu.

Papa aliinuka. Alivaa koti lake la kazi. Alichukua kopo la maziwa ya unga lililo tupu. Mama akageuza uso. Nilimwambia, "Papa, tafadhali, anapanda ndoo sasa, anafika magotini." Akajibu, "Mwadi, magoti hapana miguu."

Alikuja kumuaga Louis juu ya mpira. Aliinama, akamgusa kichwa, akasimama akageuka. Na Louis, aliyezoea kwamba mtu mzima akimgeuzia mgongo ni ili ambebe, akamshika suruali kwa nyuma.

Unajua Papa amekonda. Mkanda wake wa kiunoni tulishaubadilisha kwa chumvi. Suruali ilianza kushuka. Papa akaikamata kwa mkono mmoja, kopo mkono wa pili, na Louis alikuwa anapanda, anavuta, anapanda, anaguna kama mzee, mpaka akawa amesimama, nyayo zote mbili chini, zimefunguka vidole.

"Papa Kabamba!" akapaza mtu. "Polisi anakukamata!"

Papa alisema, "Mutu asimuguse." Alibaki vile, suruali nusu, hataki kusogea. Stesheni nzima ilicheka na yeye hakuwaona.

Sisi sote tukamgeukia Kaku. Alikuja polepole, akachuchumaa, akaangalia miguu ya Louis kwa muda mrefu. Ilikuwa inatetemeka. Akagusa kisigino kwa kidole.

"Miguu imefika," alisema. "Imetembea yenyewe toka Kasulo. Njia ni mrefu, njo maana inatetemeka." Kiisha akainua kichwa: "Na weye Kabamba, vua ile koti. Unaenda kutafuta nini kule, na kintu iko hapa?"

Alimnyang'anya kopo akaenda kuchotea maji ya karanga.

Nilirudi nyuma ya kibanda nikalia nilivyotaka. Sikusema neno la mifupa wala la mzigo. Kaku ashinde. Papa yuko hapa, anafunga vitu vyetu kwa kamba.

Nilitaka kukuuliza tufanye nini na mpira. Mama ameshaamua: unabaki kwa wale wa treni inayofuata. Jana mchana kulikuwa na watoto watano juu yake, wote wamefungwa viunoni, na mama zao wakitukanana kwa furaha mtoto wa nani ni mvivu.

Mwadi



Mwene-Ditu, 11 Desemba 1993

Mama Godelieve,

Tumefika, tuko wazima wote. Barua hii itazunguka mikono mingi kabla ya kufika kwa Hamadi, nisamehe ikichelewa.

Safari sitaisema yote. Tulikaa Kamina siku nyingi, injini imekufa. Watu walishuka wakapika kando ya reli. Hapo Louis aliacha kushika ukuta wa wago la treni na akatembea. Alimwendea mtu aliyekuwa anachoma muhogo, hatumjui, akasimama mbele yake akafungua mkono. Yule mtu akampa. Mama alisema huo ni wizi, lakini alikuwa amesahau kufunga mdomo.

Hapa tunakaa katika lupango la ndugu wa Papa. Hakuna kazi bado. Nasaidia kwenye parokia, treni zikifika. Nimeacha kusimama nyuma. Mama yeyote akishuka na mtoto mgongoni namuuliza kwanza, kwa Kitshiluba, mtoto anakaa wapi mchana, na wengi wananijibu kama mimi nilivyokujibu, kwamba wana bahati, hawakosi mgongo. Kiisha natandika mkeka, nakaa wa kwanza.

Louis hataki tena kubebwa. Mama akitandaza kikwembe, anakimbia. Leo mvua ilipoacha Mama alijaribu tena, akainama, akajipigapiga mgongo kwa mkono, "Njoo, njoo Louis," naye alikuwa ameshafika kwa jirani. Mama alibaki ameinama kidogo. Kiisha akasimama, akakikunja kikwembe vizuri, akakaa nje kwenye kigoda.

"Mwadi," aliniita. "Kuya unisimamie nyuma. Mugongo yangu inasikia baridi."

Nina miaka kumi na tano, na watu walikuwa wanapita. Nilienda nikamwegemea, kifua changu mgongoni mwake, kidevu begani. Tulikaa hivyo tukimwangalia Louis akigonga mlango wa watu. Hakugeuka kututafuta.

Mwadi